Baba mdogo akikuita "cousin"

Kazi yangu ni kuchapa udugu wa watu. Ubao wa nje unasema steshenari, fotokopi na kulamineti, lakini kinacholipa kodi ya fremu yangu ya Miyomboni, hapa Iringa mjini, ni kadi za michango, kadi za harusi na historia fupi za marehemu. Mtu analeta karatasi ya daftari iliyokunjwakunjwa, mwandiko wa mtu aliyekesha, na humo ndani kuna ukoo mzima: marehemu ameacha mjane, watoto, wajukuu, vitukuu, kaka, dada na "ndugu wengine wengi". Ukikosea mwaka wa kuzaliwa, watu wanakusamehe. Mwandike shangazi wa mtu kuwa ni mama mdogo, uone kama utalipwa.

Kwa hiyo hata ninaposoma kwa kujifurahisha, macho yangu hayaendi kwenye mapanga wala mizimu. Yanaenda kwenye swali ninalowauliza wateja kutwa nzima: huyu ni nani kwako?

Kidato cha tano na sita nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na Shakespeare tulionjeshwa tu. Kwa Kiswahili nilishamfahamu kidogo, maana Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na maktaba ya shule ilikuwa nazo, majalada yameliwa na mende. Baadaye sana nikapata buku moja nene lenye tamthilia zote, kwenye vitabu vya mitumba. Mwezi wa saba, baridi ya Iringa inapokaza na mji unalala mapema, ndilo ninalolifungua, nimejifunga khanga juu ya sweta. Na neno lililonikamata humo ni dogo mno, la kila siku: "cousin".

Shuleni tuliambiwa cousin ni binamu, basi, twende mbele. Waingereza wa leo wanamwita hivyo mtoto wa mjomba, wa shangazi, wa mama mkubwa na wa baba mdogo, wote kapu moja. Kwa mtu wa huku hilo lenyewe ni uzembe wa kutosha. Mtoto wa baba mdogo kwangu ni kaka au dada. Binamu ni wa kwa mjomba na wa kwa shangazi. Lakini rudi nyuma hadi kwa Shakespeare, aliyezaliwa 1564 na kufa 1616, ukute neno hilo limeachiwa kama ng'ombe baada ya mavuno, linalisha shamba lolote. Mtoto wa kaka ni cousin. Baba mdogo ni cousin. Mjukuu, mume wa shangazi, rafiki, mfalme wa nchi jirani, na mtu ambaye atakatwa kichwa kabla tamthilia haijaisha, wote ni cousin.

Nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine ni kwenye Hamlet. Mfalme wa Denmark amekufa. Mdogo wake, Claudius, amekalia kiti chake na, kabla ya miezi miwili kuisha, amemwoa mjane. Sasa yuko mbele ya baraza. Anatuma wajumbe Norway, anamruhusu kijana mmoja arudi Ufaransa, mambo yanakwenda kwa utaratibu mzuri, kisha anamgeukia mtoto wa marehemu: na sasa, cousin wangu Hamlet, tena mwanangu. Hamlet anajibu pembeni, maneno ambayo mimi ningeyaweka hivi: udugu umezidi, wema umepungua.

Kwa Mwingereza wa wakati ule, mwiba katika sentensi ya Claudius ulikuwa kwenye "mwanangu". Cousin lilikuwa la kawaida, mtoto wa kaka aliitwa hivyo kila siku. Kwa masikio yangu mimi, niliyezaliwa na baba wa Kalenga na mama wa Tukuyu, mambo yamegeuka juu chini. Claudius ni baba mdogo. Baba mdogo ni baba, neno lenyewe linasema, na kwa upande wa mama yangu, Unyakyusa, hata hilo "mdogo" halisumbuliwi sana: ni tata tu. Baba mdogo akikuita mwanangu hakuna atakayegeuza shingo. Lakini siku amekalia kiti cha baba yako, amesimama mbele ya watu, akakuita binamu? Hapo amekutoa kwenye mkeka wa watoto wa nyumba na kukupeleka kwenye viti vya waalikwa. Nikiisoma hivyo namwona Claudius akifanya mambo mawili kwa pumzi moja, anasukuma halafu anavuta, na kijana ameyasikia yote mawili.

Hamlet haachi. Mbele kidogo mfalme anamuuliza: cousin wetu Hamlet anaendeleaje? Anajibu kwamba hajambo kabisa, anakula chakula cha kinyonga, yaani hewa iliyoshindiliwa ahadi. Enzi zile watu waliamini kinyonga anaishi kwa kula hewa. (Yeyote anayesubiri lami ifike kijijini kwao tangu kampeni zilizopita anakijua chakula hicho.) Na anapofukuzwa kupelekwa Uingereza, anamuaga Claudius hivi: kwaheri, mama mpendwa. Mfalme anamrekebisha, sema baba yako akupendaye. Kijana anamfanyia hesabu: baba na mama ni mume na mke, mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo mama yangu. Nilicheka peke yangu hadi mlinzi wa duka la jirani akaniuliza kuna nini. Ndivyo watoto wa ukoo wanavyowatesa wakubwa wao wakati hawana silaha nyingine: wanachukua jina la heshima na kulikoroga.

Ukishamwona Claudius unaanza kuwaona baba wadogo kila kona. Katika The Tempest, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina la Tufani, mdogo mtu ndiye aliyempora kaka yake utawala wa Milan na kumtupa baharini pamoja na binti yake mchanga. Katika As You Like It, mdogo mtu amemfukuza kaka yake hadi porini na kukaa mahali pake. Richard wa Gloucester katika Richard III ni baba mdogo wa wale watoto wawili waliofungiwa kwenye mnara wa London. Sijui Shakespeare aligombana na nani kwao, ila mimi kama nimeitwa kuchapa kadi ya harusi ya nyumba yake, ningeacha nafasi ya baba mdogo wazi kwa penseli.

Yule wa As You Like It anaitwa Frederick. Binti wa kaka yake, Rosalind, ameachwa kwenye jumba ili amfanyie ushirika Celia, binti wa Frederick mwenyewe. Siku moja Frederick anaingia amefura na kumwambia Rosalind aondoke upesi. Binti haamini: mimi, baba mdogo? Jibu lina maneno mawili kwa Kiingereza: wewe, cousin. Kisha masharti. Baada ya siku 10 ukionekana ndani ya maili 20 kutoka hapa, unakufa.

Sentensi hiyo ilinitia ubaridi kwa sababu naichapa kila mara. Barua ya kikazi kwetu inaanza na "Ndg.", halafu jina, halafu mstari wa YAH kwa herufi kubwa, halafu: unatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi ndani ya siku 7 kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu. Ndugu! Neno tulilolibeba kutoka kwenye ahadi ya kwanza ya mwana-TANU, binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, sasa linafungua mlango wa kumtolea mtu nje. Na hakuna anayelishangaa. Mteja mmoja aliletewa barua ya namna hiyo, akaja nimchapie majibu, nayo pia tukaianza na "Ndugu". Ningeandika nini kingine?

Hapa nitoke nje ya hadithi kidogo, maana kuna jambo lilinifurahisha sana nilipolipata. Kiingereza hakikuzaliwa na uzembe huu. Kile cha kale kabisa, kabla ya Wanormani wa Ufaransa kuvuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na mpangilio ambao bibi yangu angeukubali bila maswali. Kaka wa mama aliitwa "eam". Kaka wa baba alikuwa na jina lake, "faedera". Dada wa mama, "modrige". Dada wa baba, "fathu". Mjomba, baba mdogo au mkubwa, mama mdogo au mkubwa, shangazi: wote wanne wapo! Kifaransa kilipoingia kwa watawala, majina hayo yakasukumwa nje taratibu, wakabaki na "uncle" mmoja wa pande zote mbili na "aunt" mmoja wa pande zote mbili. Cousin nalo lilikuja kwa njia hiyohiyo ya Kifaransa. Kwenye Kilatini, lilikotokea, lilikuwa neno la adabu lenye mipaka, mtoto wa dada wa mama. Likavuka bahari, mipaka ikabaki ng'ambo.

Matumizi mengine nayapitia haraka. Katika Romeo and Juliet, mama yake Juliet anamlilia Tybalt: cousin wangu, mtoto wa kaka yangu! Huyo kwa hesabu zetu anamlilia mpwa, maana kwake yeye mama yule ni shangazi. Katika Richard III bibi mzaa baba anawaita wajukuu zake yatima "cousin zangu wazuri", nami nikaenda kuhakikisha mara mbili kwamba kweli ni bibi. Ni bibi. Katika Twelfth Night kuna jamaa mzito wa tumbo, Sir Toby, anayekaa kwa binti wa ndugu yake, anakula vyake na kunywa vyake, na anarudi asubuhi amelewa. Mwenye nyumba anamuuliza: cousin, cousin, ulevi huu mapema yote hii umeupataje? Kila ukoo una Sir Toby wake. Wa kwetu anakuja na begi dogo, anasema amepita tu.

Kwa wafalme ndiko neno linakokuwa chombo cha kazi. William Blackstone, mwanasheria aliyeandika miaka ya 1760, anaeleza kwa nini barua za mfalme wa Uingereza humwita kila mtu mwenye cheo cha earl, kabaila mkubwa, "cousin wetu mwaminifu na mpendwa". Anasema desturi hiyo ni ya tangu Henry IV, ambaye kupitia mke, mama au dada zake alikuwa na uhusiano na kila earl wa nchi, na kwa ujanja akahakikisha kwenye barua na nyaraka zake zote anaukumbusha. Fikiria hali yake. Ametwaa kiti mwaka 1399 kwa kumwondoa mwenye nacho, hana usingizi, anawahitaji wakubwa wa mikoa. Anawaita ndugu.

Na aliyemwondoa alikuwa cousin wake wa kweli, kwa hesabu yoyote ile: Richard II na Henry walikuwa wajukuu wa babu mmoja, Edward III, watoto wa mkubwa na mdogo. Shakespeare ameliandika tukio hilo kwa namna ambayo nimeisoma hadi kurasa zimelegea. Richard ameletwa mbele ya watu akabidhi taji. Analishika upande mmoja na kumwambia mwenzake: haya, cousin, shika taji, mkono wangu upande huu, wako upande ule. Wote wawili wamelishika. Baadaye anaomba kitu kimoja tu, na Henry anamwambia, kwa upole wa mtu ambaye tayari ameshinda: kitaje, cousin mwema. Hapo Richard anakurupuka. Cousin mwema? Basi mimi nimekuwa mkubwa kuliko mfalme, kwa sababu nilipokuwa mfalme walionibembeleza walikuwa raia tu. Sasa mimi ni raia, na anayenibembeleza ni mfalme.

Sijaona kokote mtu akilikamata neno likiwa kazini namna hiyo. Richard anajua udugu wao haujaongezeka tangu asubuhi. Kilichoongezeka ni hitaji la Henry la kuonekana ana huruma. Mwanawe, Henry V, ni bora kidogo: kabla ya vita vya Agincourt vya mwaka 1415 anamsikia Westmoreland akitamani wangekuwa na watu zaidi kutoka nyumbani, naye anamjibu kwa neno lilelile, cousin mwema, tukiandikiwa kufa tunatosha. Westmoreland alikuwa amemwoa shangazi yake Henry. Hapo angalau aliyeitwa cousin alikuwa anaalikwa kufa pamoja na mwitaji, si peke yake.

Richard wa Gloucester ndiye mchafuzi mkuu. Anamwita Buckingham, mshirika wake, nabii wangu, cousin wangu mpendwa, mimi nitakufuata kama mtoto mdogo. Kisha Buckingham anasitasita kidogo tu kuhusu kuua watoto, na safari yake inaishia kwenye gogo la kukatia vichwa. Mama wa wale watoto ndiye anayekuja kulipasua neno. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na kitenzi "cozen", kutapeli, kinachosikika sawasawa na cousin. Richard anapojifanya kushangaa, eti unaongea kana kwamba mimi nimewaua cousin zangu, mama anamrudishia: cousin kweli, na baba yao mdogo amewatapeli faraja, ufalme, jamaa, uhuru na uhai.

Mchezo huo wa sauti mbili haukuwa wa jukwaani tu. Mwaka 1611 Randle Cotgrave alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, na humo kuna kitenzi cha Kifaransa "cousiner". Maelezo yake kwa ufupi: kudai undugu kwa ajili ya faida, kama afanyavyo yule ambaye, ili kukwepa gharama za safari, anapita nyumba hadi nyumba akijiita cousin wa kila mwenye nyumba. Huku kwetu tungemwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini huyo wa Cotgrave ni mjanja, siku ya tatu yuko nyumba nyingine.

Miaka ishirini kabla yake, 1591, Robert Greene alikuwa amechapisha kijitabu cha kufichua matapeli wa London. Huyu ni yuleyule ambaye maandishi yaliyotoka kwa jina lake mwaka uliofuata yalimwita Shakespeare kunguru aliyejipandisha. Hadithi zake ukizisoma unaweza kuapa amewahi kushuka stendi zetu. Mkulima anaingia mjini, amevaa nguo safi za kwao, mfuko kiunoni. Tapeli wa kwanza anamsalimia kwa bashasha kama wanafahamiana, anamuuliza habari za nyumbani, na katika kusalimiana anapata jina lake, kijiji chake na majirani zake ni akina nani. Anaachana naye kwa heshima. Hatua chache mbele anatokea wa pili, ambaye ameshapewa habari zote, na huyu sasa anamwita kwa jina, analalamika umenisahauje, mimi ni jamaa wa jirani yako fulani. Mkulima anaona aibu kumsahau mtu. Wanaingia kilabuni kupata kinywaji. Karata zinatokea. Jioni mfuko mtupu.

Kilichonichekesha ni jina walilompa huyo anayeliwa: walimwita sungura. Kwetu sungura ndiye anayekula wenzake kwa akili, fisi ndiye anayebaki na mkia mkononi. Waingereza walikuwa wanawafuga sungura kwa ajili ya nyama, labda ndiyo maana heshima ilipungua.

Nenda stendi yoyote kati ya hapa na Tunduma uone kama Greene amezeeka. Mzee ameshuka na gunia lake la viazi kutoka Makete, kijana anamdaka begi: bamdogo, shikamoo, za nyumbani? Mzee anajibu, maana salamu haikataliwi. Mvua zimenyesha huko? Zimenyesha. Na yule mjomba wetu wa pale senta? Mzee mwenyewe anamtajia jina. Siku hizi hata stendi si lazima, simu inatosha, "ile hela tuma kwenye namba hii", kuna watu wametuma kabla ya kukumbuka kwamba hakuna hela waliyodaiwa. Udugu ndiyo nywila yetu, na tumeiandika ukutani.

Sisemi haya kwa kuwakejeli Waingereza wa kale. Sisi wa Iringa tuna neno letu lililokimbia namna hiyohiyo: mnyalukolo. Lukolo ni ukoo, mnyalukolo ni mtu wa ukoo wako. Lakini pita sokoni uone. "Kamwene, mnyalukolo," anakuambia muuza nyanya wa Ilula ambaye hujawahi kumtia machoni, na unajikuta umeongeza ndoo. Watu wa mikoa mingine nao wamelichukua wakatubandika sote, Wahehe na Wabena, ukienda Dar es Salaam unaitwa mnyalukolo na Mchaga. Nalipenda sana. Nikilisikia nikiwa mbali, nyuma ya basi au kwenye foleni ya hospitali, bega linashuka lenyewe. Ndiyo maana najua Richard II alikuwa anaongea kuhusu nini.

Sehemu pekee ambapo neno cousin liliniletea kazi ya kulipwa ni igizo la Krismasi. Kiongozi wa kwaya alileta mswada ambao malaika anamwambia Mariamu habari za "binamu yako Elisabeti". Alikuwa ameutoa kwenye Kiingereza cha Biblia ya King James ya 1611, ambako Luka 1:36 inasema cousin. Nikamfungulia Union Version yetu: jamaa yako Elisabeti. Neno la Kigiriki pale ni la jamaa tu, na Waingereza wenyewe walipoirekebisha tafsiri yao mwaka 1881 waliondoa cousin wakaweka neno la jamaa wa kike. Akakubali, ingawa tayari kijana wa kuigiza malaika alikuwa ameshakariri binamu, na usiku wa mkesha akasema binamu kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Redio zetu zikitangaza msiba husema habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Cousin la zamani lilikuwa linajaribu kubeba vyote vitatu kwa mkono mmoja. Haishangazi liliangusha baadhi.

Lakini nirudi kwa Rosalind, nimemwacha mlangoni amepewa siku 10. Baba yake Celia ametoka akiwa ameshasema "wewe, cousin". Rosalind amebaki na Celia. Rosalind anasema yeye ndiye mwenye sababu zaidi ya kulia, na Celia anamjibu: huna, cousin, changamka, hujui kwamba mtawala amenifukuza mimi, binti yake? Neno lilelile, dakika chache baada ya baba kulitumia kufukuzia, binti analitumia kujifukuza mwenyewe. Tena ana akili ya safari: anasema twende tukakusanye vito na mali zetu. Ndugu anayekusindikiza uhamishoni na akakumbuka pesa, huyo mwandikeni mstari wa kwanza kwenye kadi.

Wanaingia msituni wamejibadilisha. Rosalind amevaa kiume na kujiita Ganymede, Celia amejiita Aliena, na kila anayewauliza anaambiwa hawa ni kaka na dada. Shakespeare anataka tuione kuwa ni uongo wa kujificha. Kwetu ni kweli tupu, watoto wa mkubwa na mdogo wangekuwa nani kingine? Kisha karibu na mwisho Rosalind anaonyeshwa kitambaa chenye damu ya mpenzi wake, anazimia, na Celia kwa hofu anasahau igizo lote. Anapaza sauti: cousin! Ndipo anakumbuka na kumalizia: Ganymede! Mgeni amesimama palepale, amesikia. Wala hashtuki. Neno lilikuwa limelegea kiasi kwamba dada angeweza kumwita kaka yake hivyo na hakuna ambaye angeuliza chochote.